Uyoga Niliompelekea Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa mdomo. Wanafunzi wangu wanajua, walimu wenzangu wanajua, na mke wangu anajua kuliko wote. Nikishika jambo nalisema mpaka liishe, na likiisha nalianza upya. Sasa mkiniona hapa naandika polepole, nikifuta na kuandika tena, mjue ni kwa sababu jambo hili sijawahi kulitamka mbele ya mtu isipokuwa daktari mmoja, na huyo nilimsihi asilirudie popote.

Ninafundisha baiolojia katika shule ya upili huku Migori. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mafunzo ya siku tatu ya kukuza uyoga, ule mweupe ambao wakulima wetu wanauita oista. Unachemsha makapi ya miwa, unayashindilia kwenye mifuko ya nailoni, unatia mbegu, unatundika gizani, na baada ya wiki kadhaa vikofia vinachomoza ubavuni mwa mfuko. Siku tatu tu, jamani. Nilirudi nyumbani na cheti na kichwa kikubwa. Nikatundika mifuko kumi na miwili kwenye bafu letu la zamani, uyoga ukatoka, tukala, nikawagawia walimu. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kutaja uyoga mbele yangu bila mimi kumsahihisha. Hata mama muuza mboga sokoni nilimsahihisha, naye alikuwa anauza tangu mimi sijazaliwa.

Kwetu Waluo uyoga ni obuolo, na obuolo wa maana ni ule unaoota kwenye vichuguu mvua inapoanza. Huo hata mtoto anaujua. Uyoga wa kwenye magogo ya msituni watu wengi wanauogopa, wanaupita tu. Lakini mama mkwe wangu, anayeishi kwenye mteremko wa milima ya Gwassi, juu ya Sindo, alilelewa na bibi yake aliyekuwa akiula, na alijua upi ni upi. Wanawake wa pande zile walikuwa wakimletea vikapu vyao kabla ya kupika. Aliuinua uyoga, akaunusa, akaugeuza, akauchana, kisha akasema neno moja tu, huu au siyo huu. Mimi habari hizo nilizisikia kwa mke wangu na nikazicheka. Nikamwambia mke wangu kwamba mama yake anabahatisha tu, na bahati ikiisha tutazika watu.

Lazima niseme pia jinsi tulivyokuwa tukizungumza, mimi na yeye, maana bila hilo hamtaelewa. Mkwe na mama mkwe wake, kwa wazee wetu, hawatazamani usoni. Hatukushikana mikono hata siku moja. Sikuingia jikoni kwake, na chakula changu kililetwa kwenye nyumba ya shemeji. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, lakini yeye hakulegeza, na mimi nilimheshimu kwa hilo, au nilidhani namheshimu. Watu wakiwepo, alimtuma mtu. Tukiwa wawili tu, yeye mlangoni na mimi nje nimekaa nikiangalia upande mwingine, aliongea na kuku wake. Si utani. Alimwambia kuku, nikasikia. Nami nikamjibu kuku, naye akasikia. Mwanzoni nilikuwa nakaribia kupasuka kwa kicheko. Baadaye nikazoea, na naona kuku yule alitusaidia kuambiana mengi kuliko wakwe wengi wanavyoambiana.

Basi ilikuwa Jumamosi, mvua ndefu imeshika kasi. Familia ilikuwa na kikao cha kupanga ibada ya kumkumbuka baba mkwe. Mke wangu ni fundi wa nguo na alikuwa na mteja wa gauni la harusi asubuhi ile, kwa hiyo nilimtangulia kwa pikipiki yangu, yeye aje mchana na ndugu zake. Nilipopanda Gwassi nikasimama pembeni ya msitu, niseme tu ukweli, kujisaidia. Na hapo mbele yangu, chini ya kisiki cha mti mkubwa uliokufa, nikauona. Rundo zima la uyoga, umebanana, unang'aa kwa mvua.

Nilichuchumaa nikaanza somo langu mwenyewe. Unaota kwenye mti, siyo ardhini: vizuri. Chini ya kofia kuna mikunjo myembamba kama kurasa za kitabu, na mikunjo hiyo inateremka mpaka kwenye shina, haikomi kwenye kofia: vizuri sana, oista nao ni hivyo hivyo. Hakuna pete shingoni. Hakuna kifuko kwenye mzizi. Harufu tamu. Nikasema moyoni, huu ni oista wa porini, nimempatia maro wangu, mama mkwe, zawadi ambayo hata wanawe hawajawahi kumletea.

Na rangi je? Oista wangu wa bafuni ulikuwa mweupe, au wa kijivu kidogo. Huu ulikuwa rangi ya asali iliyokolea, mwingine ukielekea machungwa. Nikajiambia wa porini unapigwa na jua. Na shina je? La oista ni fupi, limekaa upande. La huu lilikuwa refu, limekaa katikati, na mashina mengi yalitoka mahali pamoja. Nikajiambia wa porini una nafasi ya kukua. Ningetakiwa pia kuacha kofia moja juu ya karatasi kwa saa nyingi nione rangi ya vumbi la mbegu zake, tulifundishwa hivyo. Nani ana saa nyingi? Kinachoniuma ni kwamba sikukosa kuona. Niliona kila kitu, na kila nilichokiona nikakitafutia maelezo.

Nikajaza mfuko. Mashina mawili mazuri, kofia zikiwa juu, nikayafunga kando kwenye gazeti, nikayatia ndani ya begi langu la mgongoni, niwaonyeshe wanafunzi Jumatatu.

Nilimkuta mama mkwe peke yake. Wanawe walikuwa bado hawajapanda kutoka Sindo, na wake zao walikuwa wameenda kuteka maji. Nikaweka mfuko kizingitini, nikarudi nyuma hatua zangu, nikakaa kwenye kiti nikiangalia ziwa kule chini. Nikasikia anaufungua. Kisha nikasikia ule mlio mdogo wa uyoga kuchanika.

"Kuku wangu," akasema, "mgeni wetu amechana hata mmoja, akaona ndani ni rangi gani?"

Sasa jamani, hilo halikuwa swali. Mtu mwingine yeyote angelielewa. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, ambaye hawezi kumwambia mkwe wake usoni kwamba amekosea, ameuliza swali la upole kupitia kuku. Alikuwa amenifungulia mlango nitoke bila aibu. Ningesema tu, la, sikuchana, hebu mama aangalie mwenyewe. Yangeishia hapo.

Mimi nilisikia dharau. Damu ikanipanda. Nikasema, kwa sauti ya darasani, "Kuku, mwambie mama mimi ndiye ninayefundisha vitu hivi. Nina cheti. Yeye apike tu."

Yeye apike tu. Nimeandika maneno hayo mara tatu na mara tatu nimeyafuta.

Halafu akamwambia kuku kwamba basi, mwenye kusoma amesema, na pengine msitu una vitu ambavyo bibi yake hakuviona. Hakusema kwa kejeli. Aliniamini. Aliamini cheti changu kuliko vidole vyake, na ni mimi niliyemfikisha hapo, kwa miaka ya maneno yaliyokuwa yakimfikia kupitia binti yake. Akaongeza kwamba kwao uyoga mgeni huonjwa na aliye mzee kuliko wote, kidogo, na wengine wote hungoja mpaka kesho yake. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia kuku kwamba hizo ni mila za zamani.

Mchana watu wakafika. Mke wangu, mashemeji wawili, watoto; wake zao walikuwa wamesharudi na maji. Tukaletewa kuku na samaki na kuon, yaani ugali, kwa mboga za majani, na mimi macho yangu yakitafuta bakuli la uyoga. Halikuja. Nikamuuliza mke wa shemeji aliyekuwa akileta vyombo kama hakuna chakula kingine jikoni. Akacheka, akasema mama ana chungu chake kidogo pembeni, amekataza mtu yeyote kukigusa, amekula mwenyewe vijiko kadhaa na kukifunika, eti wengine kesho. Mke wa shemeji alidhani ni uchoyo wa uzee. Mimi nilikasirika. Nikaona zawadi yangu imedharauliwa, nikasusa kikaoni, sikuchangia wazo hata moja. Ndivyo nilivyokuwa, nimekaa pale nimenuna, na mwanamke yule ameweka tumbo lake mbele ya matumbo ya wajukuu wake.

Kikao hakikuwa kimeisha alipoanza kutapika. Kwanza alitoka nyuma ya jiko na hakuna aliyejali. Kisha akashindwa kurudi. Tulipomfikia alikuwa amekaa ardhini, jasho linamtoka kana kwamba amemwagiwa maji, anatapika na hakuna kilichobaki cha kutapika, na miguu haimbebi. Mke wangu akapiga kelele. Shemeji mkubwa, ambaye ana biashara ya samaki kisiwani Remba na ni mtu wa nguvu, akambeba kama mtoto. Mtu akafunua kile chungu jikoni. Akasema, uyoga.

"Mama amerudi tena msituni," akasema shemeji mkubwa. "Na macho yake yalivyo."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Hakuna hata aliyenitazama. Ningeweza kusema wakati ule, maneno matatu tu, ni mimi niliyeleta. Mimi, mtu wa mdomo. Nilitafuta mdomo sikuupata. Nikakimbia kutafuta gari la jirani, nikajionyesha kuwa na haraka kuliko wote, na mbio zile zikawa mahali pa kujificha.

Hospitali tuliyompeleka sitaitaja, walifanya kazi yao vizuri. Daktari alikuwa kijana mdogo, huenda rika la wanafunzi wangu wa zamani. Walimtundikia mama maji, daktari akampima mapigo, kisha akatoka kuja ukumbini tulipokuwa tumesimama. Akauliza uyoga ule ulitoka wapi na nani aliyeuokota. Wote wakanigeukia, maana mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye mwenye kujibu maswali ya watu waliosoma.

Nikasema, "Aliokota mwenyewe."

Mke wangu akaanza kulia. Alisema alimkataza mama yake, alimwambia mara ngapi, mume wangu huyu hapa shahidi. Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, nilikuwa shahidi.

Daktari akatueleza hali ilivyo, na nilikuwa namwelewa kuliko wengine. Kuna uyoga wa aina nyingi unaotapisha, akasema, na mwingi wao mtu akipewa maji na kuangaliwa anapona. Lakini upo ule wa ardhini, wenye pete shingoni na kifuko mzizini. Huo mtu hutapika, akapata nafuu, watu wakashangilia, kumbe ini linakufa, na siku chache baadaye anaondoka. Kama ni huo, lazima apelekwe Kisumu sasa hivi, na kwa presha yake ilivyoshuka anaogopa hataimaliza safari. Kama siyo huo, kumsafirisha ni kumuua bure. Uliochemshwa kwenye chungu hautambuliki tena. Amempigia simu mwanamke mmoja aliyesoma naye, ambaye kazi yake ni uyoga, na huyo ameuliza maswali ambayo ni aliyeuokota tu anayeweza kuyajibu. Ulikuwa juu ya mti au ardhini? Na jambo jingine: amekula leo tu, au amekuwa akiula tangu jana? Kwa sababu sumu ile mbaya huchelewa, na mtu anayeokota mwenyewe huenda alishakula jana.

Mgonjwa hakuweza kusema. Shemeji mkubwa akasema basi aende Kisumu, hatuwezi kubahatisha, na akaanza kupiga simu kutafuta gari la wagonjwa.

Nataka mjue nilisimama pale muda gani. Si dakika moja. Nilikuwa na majibu yote kichwani, na ule uyoga wenyewe mgongoni, umefungwa kwenye gazeti. Nilimsikiliza shemeji akielewana na mtu wa gari. Nilikuwa nikipima maisha ya mama yule na sura yangu mbele ya wakwe, na haki ya Mungu, kwa muda ule vilikaribiana uzito.

Shemeji alipokata simu nikamwambia daktari nina swali la kitaalamu, tusogee kando. Tukaenda nyuma, kwenye tangi la maji. Nikamwambia. Niliokota mimi, leo asubuhi, kwenye kisiki, na alikula mara moja tu, mchana wa leo. Nikafungua begi. Hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akampigia yule mtaalamu na kunipa simu.

Mwanamke yule hakupoteza muda. Rangi? Asali, kuelekea machungwa. Mikunjo inaishia wapi? Inateremka shinani. Pete? Hakuna. Mzizi? Yameungana mashina mengi, hakuna kifuko. Chana mmoja, akasema. Nikauchana palepale kando ya tangi. Ndani ilikuwa njano, njano ya machungwa, kutoka kwenye kofia mpaka kwenye shina. Oista ni mweupe ndani. Hata anayekuza kwenye bafu anajua hivyo. Mama mkwe wangu alikuwa ameona njano ile asubuhi, na alikuwa ameniuliza.

Mtaalamu akasema kuna jambo moja zaidi, tuutie mahali penye giza. Daktari akanipeleka kwenye stoo ya mashuka isiyo na dirisha, akafunga mlango, akaziba mwanya wa chini kwa shuka. Tukasubiri. Mwanzoni sikuona kitu, nikasikia tu pumzi zetu. Kisha macho yakazoea, na ile mikunjo ya chini ya kofia ikaanza kung'aa kijani hafifu, kama mishale ya saa ya mezani aliyokuwa nayo baba yangu. Ulikuwa mzuri, sitadanganya. Mtaalamu aliposikia akashusha pumzi. Akasema siyo ule unaoua ini. Huu unatesa, unatapisha vibaya, na kwa mzee maji yakimwishia ni hatari, lakini akibaki hapo na kuangaliwa atapona. Asisafirishwe.

Ndani ya stoo ile, kabla ya kufungua mlango, nilimshika daktari mkono nikamsihi asiwaambie. Akasema kwamba kazi yake ni mgonjwa, ya familia ni yangu. Akatoka akawaambia ndugu kwamba baada ya kuzungumza na mwalimu wametambua aina ya uyoga na mama atabaki. Shemeji mkubwa akanikumbatia. Akasema, mbele ya watu wote, Mungu alijua kwa nini alitupa mkwe aliyesoma.

Alipona. Siku ya tatu alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Mke wangu, kwa furaha na hasira pamoja, akamgombeza: msituni umeenda kufanya nini, unataka kutuua kwa presha? Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimegeuka upande kama inavyotakiwa. Nilingoja. Nilijua sasa atasema, na nusu ya moyo wangu ilitaka aseme.

"Macho yangu siku hizi yananidanganya," akasema.

Hivyo tu. Na familia ikalichukua neno hilo ikalijengea nyumba. Shemeji mkubwa alichoma kikapu cha mama cha kuokotea uyoga. Wanawe wakamkataza kupanda msituni. Wale wanawake waliokuwa wakimletea vikapu wakaacha kuja, maana nani atampelekea uyoga mtu aliyejitilia sumu mwenyewe? Wajukuu wakawa wanachungulia kwanza kwenye sufuria yake. Mke wangu anampigia simu kila Jumapili, na swali la kwanza ni kama hajaenda kuokota vitu. Namsikia akijibu kwa upole, la mwanangu, sijaenda.

Nilijaribu mara moja. Mwezi wa nane nilienda peke yangu, nikakaa kwenye kiti, nikaangalia ziwa. Nikamwambia kuku kwamba nimekuja kusema ukweli, nitawaita wote na kuwaambia. Alinijibu upesi, kana kwamba alikuwa amelitunza jibu muda mrefu. "Kuku wangu, nina binti mmoja tu. Nikimpa sababu ya kumdharau mume wake, nitakuwa nimempa nini?" Nikasema nitamweleza, ataelewa. Nikasikia akiinuka na kuingia jikoni. Ningeweza kwenda kusema hata hivyo. Hakunifunga mdomo kwa kamba. Lakini niliondoka pale mwepesi, nikipiga mluzi kwenye pikipiki, na mluzi ule ndio ulionifundisha mimi ni mtu wa aina gani.

Desemba tukakusanyika wote kwake. Baada ya kula, shemeji mkubwa akasimama akasema ana ombi. Mama ana ukaidi, siku moja atarudi msituni tu, tumchunge vipi tukiwa Remba na Migori? Afadhali afundishwe. Na mwalimu si tunaye hapa? Mke wangu akaunga mkono, uso unang'aa kwa fahari. Watoto wakaniletea ubao mdogo na chaki. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka kizingitini, ametugeuzia mgongo kwa ajili yangu, kwa heshima.

Nikafundisha. Sikuweza kukataa bila kueleza sababu, basi nikafundisha. Nilichora kofia na shina. Nikasema waangalie unaota wapi, mti gani, mashina yameunganaje, mikunjo inaishia wapi, ndani ni rangi gani, na wakiwa na shaka waache. Nilisema vizuri, nina sauti nzuri ya kufundisha. Kila nilichosema alikuwa akikijua kabla sijazaliwa, na alikaa kichwa kimeinama kidogo, akisikiliza.

Nilipomaliza wakapiga makofi. Shemeji mkubwa akacheka, akasema mwanafunzi lazima ajaribiwe. "Rudia, Mama, tusikie kama imeingia."

Akarudia. Kwa sauti ya chini, bila kugeuka, akarudia yote, moja baada ya jingine, hata lile la kuacha ukiwa na shaka. Hakukosa hata neno.

"Mwalimu," shemeji akaniuliza, "amepata?"

Wote wakanitazama isipokuwa yeye.

Nikasema, "Amepata."